Kinywaji cha Idd: Maziwa tunayo, kwa nini tuwanyweshe watoto rangi?



Ndugu Waislamu, Idd inapokaribia mazungumzo ya majumbani huwa ni nguo, viatu, nyama na mchele wa pilau. Kinywaji hukumbukwa mwisho, na kwa kuwa hukumbukwa mwisho hupata fedha iliyobaki. Ndiyo maana kuanzia Mwisenge na Nyasho pale Musoma hadi stendi ya Bunda na njia panda ya Makutano unapoelekea Butiama, mtoto aliyetoka kuswali na kanzu mpya asubuhi hukutwa adhuhuri ulimi umekuwa mwekundu, doa liko kifuani, na mkononi ameshika chupa ya maji iliyojazwa upya juisi ya unga. Aliyeichanganya hajulikani. Maji yametoka wapi haijulikani. Mzazi anaona doa la kanzu, anagomba, basi yamekwisha.

Mimi nasema mkoa wenye ng'ombe kama huu wetu wa Mara hauna udhuru katika jambo hili. Kinywaji cha kuwafurahisha watoto siku ya Idd tunacho zizini kwetu au kwa jirani, na kukitengeneza nyumbani ni kazi ndogo kuliko kuchambua mchele.

Sasa limeongezeka jambo jingine. Vijana wanaotazama simu wameziona milksheki za sikukuu zinazouzwa katika mahoteli ya vyakula vya haraka huko nje, nao wanataka za kwao. Mashuhuri ni ile ya kijani ya McDonald's, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1970, ambayo huuzwa kwa msimu tu karibu na sikukuu ya mwezi Machi ya mtakatifu mmoja wa Ireland. Ndani yake mna aiskrimu, shira yenye ladha ya nanaa na krimu juu. Ukijani wake hautokani na jani, umetoka kwenye rangi iliyotiwa katika shira, na kikombe chake kidogo kina sukari inayozidi gramu 50. Shirika la Afya Duniani (WHO) katika mwongozo wake wa mwaka 2015 lilishauri kwamba sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji, pamoja na asali na ya juisi za matunda, isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu anayoipata mtu kwa siku, na kwamba ingekuwa bora zaidi kuishia nusu ya hapo, yaani gramu 25 hivi kwa mtu mzima, vijiko 6 vya chai. Sukari iliyomo katika maziwa yenyewe haihesabiwi humo, lakini hata ukiitoa, mtu mzima kwa kikombe hicho kimoja ameshavuka gramu zake 25. Mtoto, ambaye fungu lake ni dogo zaidi, amevuka zamani.

Sisemi kijana asitamani kitu kizuri. Maziwa yaliyopigwa pamoja na kitu kitamu si uvumbuzi wa Wazungu, watu wetu wa pwani wana maziwa yao ya arki ya rozi na iliki, na tende kwa maziwa Waislamu wanaijua tangu zama za Mtume (s.a.w.). Ninachokataa ni kuiga rangi na kuacha maziwa.

Kuhusu rangi niseme kidogo. Si kila rangi ya chakula ni sumu, na mwenye kudai hivyo anatisha watu bure. Lakini mwaka 2007 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Southampton, Uingereza, ulioonyesha kwamba mchanganyiko wa baadhi ya rangi hizo na kihifadhio cha sodiamu benzoeti uliwazidishia baadhi ya watoto utukutu na kukosa utulivu. Tangu Julai 2010 nchi za Umoja wa Ulaya zinalazimisha chakula chenye rangi sita za aina hiyo kiandikwe tahadhari. Januari 2025 Marekani nayo ilifuta ruhusa ya rangi nyekundu namba 3 katika vyakula. Na kwa Muislamu kuna la ziada: rangi nyekundu iitwayo E120 hutengenezwa kwa wadudu, na wanazuoni wamekhitilafiana juu yake. Pakiti yenye maandishi unaweza kuisoma. Ndoo iliyoko kando ya barabara haina maandishi. Kazi ya kusimamia usalama wa chakula ilihamishwa kutoka iliyokuwa TFDA kwenda TBS mwaka 2019, lakini hakuna mkaguzi atakayeonja kila ndoo ya siku ya Idd.

Linalonitia hofu kuliko rangi ni maziwa mabichi. Hapa najua nitapingwa, maana wapo wazee wetu wenye kusema kuwa maziwa ya kuchemsha yamekufa, baraka imetoka, na wao wamekunywa ya kibuyu tangu utotoni. Allah katika Surat An-Nahl, aya ya 66, ameyataja maziwa kuwa ni safi na matamu kwa wanywaji, na hilo halina shaka. Yanatoka safi. Lakini baada ya hapo yanapita katika mkono wa mkamuaji, chuchu yenye samadi, dumu lililooshwa kwa maji ya ziwani na baiskeli iliyosafiri juani kilomita nyingi. Tena ng'ombe mwenyewe anaweza kuwa mgonjwa. Upo ugonjwa wa brusela, ambao wafugaji wanaujua kwa jina la ugonjwa wa kutupa mimba. Ng'ombe mwenye nao huonekana mzima, isipokuwa anaharibu mimba, na vijidudu vinatoka katika maziwa yake. Binadamu akiyanywa mabichi hupata homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, maumivu ya viungo na mgongo, uchovu usiokwisha. Mjamzito anaweza kuharibikiwa mimba. Kwa kuwa homa hiyo inafanana na malaria, mtu humeza dawa za malaria mara tatu, mara nne, na mwili unazidi kuisha. Kifua kikuu cha ng'ombe nacho hupita njia hiyo hiyo. Kugandisha hakutoshi: mtindi uliotokana na maziwa mabichi unaweza kubaki na brusela. Kuchemsha kunatosha, na virutubisho vya muhimu, protini na kalsiamu, havipotei kwa moto huo.

Basi njia ni hii. Chukua lita moja ya maziwa, uyachuje, uyachemshe. Yakiumuka usikimbilie kuyaepua. Punguza moto, koroga, yaache yatokote dakika chache. Yakiwa bado ya moto tia tende ndogo 15 zilizooshwa na kutolewa kokwa, na punje tatu za iliki iliyotwangwa. Funika. Kisha weka sufuria katika beseni la maji baridi, ubadilishe maji hayo yanapopata joto, mpaka maziwa yapoe. Hapo tende zimelainika na tayari zimetoa utamu. Ongeza ndizi mbivu mbili na upige kwenye blenda. Utapata bilauri sita za kawaida, na hutahitaji hata chembe ya sukari. Tende nazo zina sukari nyingi, kwa hiyo usizizidishe ukidhani kwamba ni sunna basi hazina hesabu. Mwenye kisukari anywe kidogo na ahesabu katika chakula chake.

Anayetaka ya kijani, na vijana watataka, atumie parachichi moja kubwa, tende nane na majani sita ya nanaa yaliyooshwa vizuri kwa maji yaliyochemshwa. Kijani hicho ni cha kweli. Kinywewe papo hapo, kwani parachichi likikaa ndani ya maziwa linageuka rangi na kuwa chungu. Usitie limau kuzuia hilo, maziwa yatakatika.

Umeme ukikatika, au kijijini usikokuwepo, ponda tende na ndizi kwenye kinu kilichosuguliwa na kusuuzwa kwa maji ya moto, changanya na maziwa, pitisha katika chujio. Itakuwa nzito kidogo na itakuwa tamu vile vile. Wenye blenda nao wasijione salama: fungua kisu chake chini, toa ule mpira, unuse. Wengi watashangaa walichokuwa wakiwanywesha wageni. Na barafu iwe ya maji uliyoyachemsha mwenyewe, kwa sababu vijidudu vya homa ya matumbo na kipindupindu havifi kwa kugandishwa.

Nimewahi kuulizwa: pakiti moja ya unga inajaza ndoo, je, maziwa ya watoto arobaini wa madrasa nitayatoa wapi? Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba mtoto hahitaji nusu lita. Kikombe kidogo cha chai kinamtosha, hivyo lita saba zinawafikia wote. Kamati za misikiti zinazochangisha fedha za pilau zinaweza kuweka fungu la maziwa mapema na kuagiza kwa mfugaji mmoja anayejulikana kwa usafi. Zisipoweza, basi ziwape watoto juisi ya ukwaju au ya maembe yenye sukari kidogo na maji yaliyochemshwa, au maji safi matupu. Maji safi baada ya pilau ni heshima kwa mgeni. Ndoo ya rangi na maji ya ziwa, imegawiwa kwa jina la msikiti, si heshima, na viongozi wetu waache kuigawa.

Wapo watu wazima ambao maziwa huwajaza gesi au kuwaharisha. Hao watumie mtindi uliogandishwa kwa maziwa yaliyochemshwa, tumbo huupokea vizuri zaidi. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka aendelee na maziwa ya mama, wala asipewe asali.

Kinywaji kikishakuwa tayari kifunikwe, kama Mtume (s.a.w.) alivyoamrisha vyombo vifunikwe. Kisicho ndani ya friji kisivuke saa mbili tangu kipoe. Kilichobaki jioni kimwagwe hata kama roho inauma. Na watoto wasukutue baada ya kunywa. Hilo lina mapokezi yake: Mtume (s.a.w.) alisukutua baada ya kunywa maziwa akasema yana mafuta. Tende hunata menoni kuliko maziwa, kwa hiyo siku hiyo mswaki kabla ya kulala usisahauliwe kwa ajili ya uchovu wa Idd.

Wabillahi tawfiq.