Vituo vya watoto Kilwa na Lindi vipokee lugha za nyumbani

Februari 1, 2025 Serikali ilizindua mjini Dodoma Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023. Mwaka mmoja kabla ya hapo mitaala mipya ilikuwa imeanza kutumika, ukiwamo wa elimu ya awali. Nayo Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyopangiwa miaka mitano kuanzia 2021/22 hadi 2025/26, imefikia ukingoni. Nyaraka zipo za kutosha. Swali moja limebaki bila mwenyewe: mtoto wa miaka mitatu au minne asiyejua Kiswahili anapofikishwa kituoni, nani anazungumza naye?

Wanaoitazama Kilwa kutoka mbali hudhani swali hilo halihusu pwani. Kwa Kilwa Kisiwani, Kivinje, Masoko na Songo Songo, ambako Kiswahili ni lugha ya kuzaliwa, wako sahihi. Lakini Kipatimu na Kibata ni nchi ya Wamatumbi. Upande wa Liwale wako Wangindo, na wilayani Lindi wako Wamwera na Wamachinga. Mwaka 2006 na 2007 Serikali iliwaondoa wafugaji katika bonde la Usangu, na wengi wao, wakiwamo Wasukuma na Wabarbaig, wakahamia Kilwa na Lindi. Uamuzi ulikuwa wa Serikali. Haiwezi leo kushangaa kwamba watoto wa kaya hizo wanafika darasani na lugha ambazo mwalimu wa pwani hazijui.

Mtaala umeweka Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia elimu ya awali, na ukaruhusu Kiingereza kwa shule zinazokitumia. Matokeo yake ni kwamba lugha ambayo karibu hakuna mtoto wa Mkoa wa Lindi aliyeikuta nyumbani ina kibali cha kuingia darasani, ilhali Kimatumbi na Kimwera vinabaki nje. Hakuna aliyetangaza katazo. Ukimya wa nyaraka ndio unaofanya kazi ya katazo, kwa sababu mwalimu asiyeruhusiwa waziwazi huogopa mkaguzi.

Madhara yake hayaishii kwenye alama. Programu ya Taifa imetaja malezi yenye mwitikio, pamoja na ulinzi na usalama, kuwa miongoni mwa nguzo zake. Mwitikio hauwezekani kati ya watu wawili wasioelewana. Mtoto asiyeweza kusema tumbo linamuuma, au kwamba kuna mtu amemdhuru, hana ulinzi hata kama kituo kina uzio na mlinzi. Akinyamaza, huhesabiwa mtulivu au mzito wa kuelewa, na hukumu hiyo humfuata hadi darasa la kwanza.

Watetezi wa hali iliyopo husema lugha za makabila zitadhoofisha umoja wa taifa. Hoja hiyo haina mashiko. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inawataka wananchi waendelee kutumia lugha za jamii zao na kujivunia, na inahimiza machapisho katika lugha hizo. Wala hakuna anayetaka Kiswahili kiondolewe. Mtoto aliyeelezwa jambo kwa lugha anayoijua hulipokea upesi zaidi akilisikia tena kwa Kiswahili. UNESCO ilipendekeza elimu ianzie kwenye lugha ya mama tangu mwaka 1953. Uganda ilianza kufundisha madarasa matatu ya mwanzo kwa lugha za maeneo mwaka 2007, na Kenya iliweka msimamo wa namna hiyo tangu ripoti ya Gachathi ya 1976. Utekelezaji wao una kasoro, lakini walau mwalimu wao anajua sera inasema nini.

Wengine husingizia gharama. Mradi wa EQUIP-Tanzania, ambao Lindi ilikuwa miongoni mwa mikoa yake, ulianzisha mpango wa utayari wa kuanza shule uliotumia wasaidizi kutoka katika jamii. Hawa walipewa mafunzo mafupi, wakawaongoza watoto kwa hadithi na michezo kwa wiki kadhaa, wakiwamo wasiozungumza Kiswahili nyumbani. Halmashauri za mkoa huu zina wajibu wa kueleza ni bajeti ipi iliyourithi mpango huo mradi ulipofungwa. Fedha za UVIKO-19 zilijenga madarasa 3,000 katika vituo shikizi nchini. Taifa lililomudu kuta hizo haliwezi kudai kwamba limeshindwa kumlipa posho mama mmoja wa kijijini anayeijua lugha ya watoto.

Tatizo halisi ni uwajibikaji uliogawanywa hadi ukapotea. Vituo vya kulelea watoto wadogo mchana husajiliwa kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, chini ya ustawi wa jamii. Darasa la awali lina Wizara ya Elimu, na watumishi wa halmashauri wako TAMISEMI. Kila ofisi inaweza kuelekeza kidole kwa jirani.

Mgawanyo huo usiwe kichaka cha kujifichia. Wizara ya Elimu, pamoja na Taasisi ya Elimu Tanzania, itoe waraka unaosema bayana kwamba mlezi na mwalimu wa awali wanaruhusiwa kutumia lugha ya nyumbani ya mtoto wakati wa kumwingiza kwenye Kiswahili. Halmashauri ziandike lugha ya kila mtoto katika rejista anapoandikishwa, na kila kituo kiwe na mlezi au msaidizi anayeijua. Walimu wa madrasa, ambao mara nyingi ndio walimu wa kwanza wa mtoto wa pwani, washirikishwe. Mombasa tangu 1986 na Zanzibar tangu 1990 shule za awali zimejengwa juu ya msingi huo. Maafisa ustawi wa jamii wasisajili kituo ambacho walezi wake hawawezi kuzungumza na watoto, na kinachomwadhibu mtoto kwa kuzungumza lugha ya kwao kifutiwe usajili.

Mwaka wa masomo huanza Januari. Mkurugenzi wa halmashauri ambaye siku ya kufungua shule hataweza kuonesha orodha ya lugha za watoto wake, na majina ya walezi wanaozijua, atakuwa ameshindwa kazi ambayo haikuhitaji mfadhili wala sheria mpya. Ofisi ya Mkuu wa Mkoa imtake ajieleze kwa maandishi, na maelezo hayo yasomwe mbele ya baraza la madiwani.