Mbio za marafiki mtandaoni zisiwe mateka wa kampuni

MNAMO Machi 31, 2024, mchezo wa mbio za magari uitwao The Crew ulizimwa. Kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa, iliyouzindua Desemba 2014, ilifunga seva zake, yaani mitambo mikuu ya tarakilishi iliyowaunganisha wachezaji kupitia intaneti. Kuanzia hapo hakuna mnunuzi aliyeweza kuucheza kwa njia ya kawaida, hata akitaka kuendesha gari peke yake bila mpinzani.

Kwa mtu asiyejishughulisha na michezo ya tarakilishi, huenda habari hii ikaonekana kuwa porojo za watoto. Sivyo. Mchezo huo ulijengwa juu ya wazo la urafiki: wachezaji hadi wanne waliunda kikosi kimoja, wakazuru barabara za Marekani pamoja na kushindana na wenzao. Waliofungiwa mlango hawakupoteza magari ya kubuni tu. Yalikuwemo makundi ya marafiki yaliyokuwa na ratiba zao, kanuni zao na utani wa miaka mingi.

Tukio hilo limeibua swali linalofaa kuulizwa hata humu nchini. Marafiki wanapoandaa mashindano yao ndani ya mchezo uliotengenezwa na kampuni, mashindano hayo ni ya nani?

Ili kulijibu, sharti kwanza tuelewe kazi inayofanywa na waandalizi. Tuseme marafiki watano waliosoma pamoja wametawanyika. Wawili wako Nairobi, mmoja Mombasa, mmoja anafanya kazi Doha na mwingine anaishi Minneapolis, Marekani. Wakiafikiana kukutana Jumamosi saa tatu usiku, saa za Nairobi na Doha ni zile zile. Minneapolis huwa ni saa sita mchana msimu wa baridi, na saa saba mchana baada ya Wamarekani kusogeza saa zao mbele mwezi Machi. Kundi lisilozingatia jambo dogo kama hilo huanza msimu kwa lawama.

Baada ya ratiba huja mipangilio ya mbio zenyewe. Mmoja wao hufungua chumba cha faragha ndani ya mchezo, akakiwekea neno la siri ili wageni wasiingie, kisha akachagua barabara, idadi ya mizunguko, aina ya magari na hali ya hewa. Ni lazima pia waamue kama magari yataharibika yakigongana, na kama mchezaji ataruhusiwa kutumia visaidizi vya breki na usukani. Mambo haya yasipoamuliwa mapema, mshindi wa kweli huwa yule aliyeshika funguo za chumba.

Kuna pia suala la alama. Wengi huiga mashindano ya Formula One, ambako mshindi hupata alama 25, wa pili 18 na wa tatu 15. Mfumo huo ulibuniwa kwa uwanja wenye magari mengi. Katika kundi la watu watano, pengo la alama saba kati ya wa kwanza na wa pili linaweza kuua mashindano mapema. Anayeshinda mara tatu mfululizo huwaacha wenzake mbali hata kama wamekuwa wakimfuata unyounyo. Hesabu ya alama tano, nne, tatu, mbili na moja huwaweka wote mbioni hadi wiki ya mwisho.

Aghalabu chanzo cha ugomvi ni kugongana kwenye kona. Makundi yaliyodumu hukubaliana kwamba aliyemgonga mwenzake humsubiri apite kabla ya kuendelea, na kwamba malalamiko yatasikizwa baada ya mbio kwa kutazama picha zilizorekodiwa, si wakati damu ingali moto.

Hata hivyo, wachezaji wa Afrika Mashariki wana tatizo ambalo kanuni pekee haziwezi kulitatua: umbali. Nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS, zilizofika Mombasa mwaka wa 2009, ziliiondolea nchi utegemezi wa setilaiti, lakini hazikufuta kanuni za fizikia. Mwanga husafiri ndani ya nyaya hizo kwa kasi ya takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Nairobi hadi London ni kilomita 6,800 hivi kwa mstari ulionyooka, hivyo ujumbe hauwezi kwenda na kurudi kwa muda usiofika sekunde 0.068. Nyaya zenyewe hupinda na kuzunguka, na muda huo huongezeka.

Tuseme picha ya gari la mpinzani inachelewa kwa sekunde 0.15. Gari linalokwenda kilomita 180 kwa saa hupita mita 50 kila sekunde. Kwa hiyo mahali unapoliona na mahali lilipo hasa hutofautiana kwa mita saba na nusu, ambao ni urefu wa karibu magari mawili madogo. Yule wa Mombasa ataapa kwamba hakumgusa mtu, na yule wa Minneapolis ataapa kwamba amegongwa. Wote wawili watakuwa wakisema ukweli kama walivyouona kwenye vioo vya tarakilishi zao.

Dawa ya tatizo hili ipo, nayo inatoka katika mchezo ambao Wakenya wanaufahamu tangu mwaka wa 1953, Safari Rally ilipoanzishwa. Katika mbio za nyika kila dereva huondoka kwa zamu na kushindana na saa. Muda wake hupimwa mahali alipo, kisha hulinganishwa na wa wenzake. Kwa hivyo kuchelewa kwa mawasiliano hakumwonei mtu, na si lazima wote wawepo kwa wakati mmoja. Mchezo wa EA Sports WRC, uliotolewa Novemba 2023 ukiwa na barabara za vumbi za Kenya miongoni mwa nyingine, uliwapa wachezaji nafasi ya kuunda vilabu vyao na kuendesha msimu mzima kwa utaratibu huo.

Lakini hapa ndipo swali letu la awali linaporejea. Klabu ya namna hiyo, pamoja na jedwali lake la matokeo, huhifadhiwa katika seva za kampuni. Mnamo Aprili 2025, kampuni ya EA ilitangaza kwamba haitaongeza sehemu mpya katika mchezo huo. Kusitisha nyongeza si sawa na kuufunga mchezo, ila ni ukumbusho kwamba mwenye nyumba ana mipango yake, na wapangaji hawashirikishwi katika kikao.

The Crew ulionyesha jinsi mambo yanavyoweza kufika mbali. Wachezaji wawili wa California walipoishtaki Ubisoft mnamo Novemba 2024, kampuni hiyo ilijitetea kwa hoja kwamba walichonunua ilikuwa leseni ya kuutumia mchezo, wala si mchezo wenyewe. Kisheria hoja hiyo haikuwa ngeni. Maneno hayo hujificha katika mikataba mirefu ambayo mnunuzi hubonyeza kuikubali bila kuisoma. Ila kwa aliyetoa fedha dukani akapewa kasha lenye diski ndani yake, neno leseni lilikuwa halimo katika mazungumzo.

Hasira iliyozuka iligeuka kuwa kampeni. Ross Scott, Mmarekani anayejulikana kwa video zake za mtandaoni, alianzisha vuguvugu la Stop Killing Games mwaka wa 2024. Ombi lake kwa Umoja wa Ulaya lilipita sahihi milioni moja mnamo Julai 2025, kiwango kinachoilazimu Tume ya Ulaya kulitolea jibu rasmi zikishathibitishwa. Bunge la Uingereza nalo lilijadili suala hilo Novemba 2025. Vuguvugu hilo halidai seva ziendeshwe milele. Linadai kwamba kampuni inapouaga mchezo, iuache katika hali inayoweza kuendelea kuchezwa.

Ni haki kusikiliza upande wa pili. Seva hugharimu fedha kila siku, hata wakibaki wachezaji wachache. Majina ya magari na nyimbo zinazopigwa ndani ya michezo hiyo hutumiwa kwa mikataba yenye kikomo. Chama cha watengenezaji wa michezo barani Ulaya kilisema pia kwamba seva zinazoendeshwa na watu binafsi hazina ulinzi ambao kampuni huweka kwa ajili ya data za wachezaji na dhidi ya maudhui haramu.

Hoja hizo zina uzito, lakini hazieleweshi ni kwa nini mtu anayetaka kuendesha gari peke yake sebuleni mwake azuiwe. Ubisoft yenyewe ilithibitisha kwamba njia ipo. Mnamo Septemba 2024 iliahidi kwamba matoleo yaliyofuata, The Crew 2 na Motorfest, yangewekewa uwezo wa kuchezwa bila intaneti, na mwaka wa 2025 The Crew 2 ukapata uwezo huo. Mwaka huo huo, mashabiki waliokuwa wameuchunguza mchezo wa kwanza kwa miezi mingi walitoa seva yao ya kujitolea ijulikanayo kama The Crew Unlimited, na barabara zilizofungwa zikapata magari tena. Kama waliojitolea waliweza, kampuni ingeshindwaje?

Mfano bora zaidi ni mkongwe. Mchezo wa Richard Burns Rally ulitolewa mwaka wa 2004, ukapewa jina la Mwingereza aliyeshinda Safari Rally miaka ya 1998 na 2000 na kutwaa ubingwa wa dunia mwaka wa 2001. Burns alifariki Novemba 2005. Mchezo wake haukuhitaji seva ya kampuni ili kuwaka, na kwa sababu hiyo mashabiki waliweza kuuongezea mamia ya barabara na kujijengea mashindano yao ya mtandaoni. Zaidi ya miaka 20 baadaye, watu wangali wanashindana humo. Wahenga hawakukosea waliposema usiache mbachao kwa msala upitao.

Je, Mkenya ana kinga gani? Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi kikamilifu bidhaa na huduma, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka wa 2012 inakataza udanganyifu katika mauzo. California imepiga hatua zaidi: tangu Januari 1, 2025, muuzaji wa bidhaa za kidijitali hawezi kutumia neno nunua bila kumwambia mteja wazi kwamba anapata leseni tu. Wabunge wetu wangeweza kudai tangazo kama hilo bila kumgharimu mlipaushuru hata shilingi. Mzazi anayetoa fedha za mchezo ana haki ya kujua kama ananunua au anakodisha, na kwa muda gani.

Sheria ikisubiriwa, marafiki wana wajibu wao. Kabla ya kuchangishana fedha, na waulize maswali matatu. Mchezo huu unawaka bila intaneti? Unaturuhusu kuendesha seva yetu wenyewe? Na kampuni iliyoutengeneza imeitendeaje michezo yake ya zamani? Kisha mmoja wao ateuliwe kuwa karani wa kuandika matokeo ya kila wiki katika daftari au faili iliyo mikononi mwao, pamoja na kanuni walizokubaliana. Seva ikizimwa usiku wa manane, jedwali lao litabaki, na wataweza kuhamia mchezo mwingine wiki inayofuata bila kupoteza msimu.

Jibu la swali letu basi liko wazi. Magari na barabara ni za kampuni, lakini saa tatu usiku ya Jumamosi, kanuni, alama na ahadi ya kukutana tena ni za marafiki. Kampuni ina haki ya kufunga duka lake. Haina haki ya kuondoka na mali ya wateja waliokuwa ndani.