Tulikula Tukanyamaza

Akina mama wapendwa, mwezi huu naomba niwasimulie habari ya chakula kimoja tulichokula hotelini. Nilikuwa nimekusudia kuandika juu ya ada za shule, lakini jambo hili limenikaa moyoni, na nadhani linatuhusu wengi.

Hapa kwetu Kalemela, wilayani Busega, ipo hoteli ambayo kila mtu anaisifu. Usifikiri ni jengo la ghorofa. Ni banda la mabati lenye mabenchi, meza zilizotandikwa plastiki, na ndoo ya maji ya kunawa mlangoni. Sifa yake ni sato wa kukaanga kwa ugali wa muhogo. Mimi na baba watoto tuliwaahidi wanetu watatu kwamba tukishauza pamba tutawapeleka huko. Basi Jumapili moja, baada ya ibada, tukaenda sote tumevaa vizuri.

Chakula kilikuja upesi, upesi mno. Kwa nje samaki alikuwa wa moto, lakini karibu na mfupa alikuwa baridi. Alikuwa amekamuliwa ndimu nyingi na kupakwa pilipili, hata hivyo harufu ilipita. Ugali ulikuwa na ganda gumu upande mmoja. Mume wangu alinitazama, nami nikamtazama. Tulikuwa tumekwisha kuomba na kushukuru kwa chakula, tukaona haya kukisukuma pembeni.

Mtoto wetu wa mwisho, mwenye miaka sita, hakuona haya. Alisema kwa sauti, "Mama, samaki huyu ananuka." Nikamfinya chini ya meza. "Nyamaza, kula. Watu wanasikia." Akala. Mama mwenye hoteli alipopita kutuuliza kama chakula ni kizuri, tulijibu kwa pamoja, "Kizuri mama, asante." Hata waliokaa benchi la pili, ambao sahani zao zilikuwa bado zimejaa, walijibu hivyo hivyo. Tukalipa fedha ambayo ingetununulia unga wa siku kadhaa, tukaondoka.

Usiku ule mtoto alitapika na kuharisha mara nyingi. Nilichemsha maji, nikayapoza, nikapima lita 1, nikatia vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, nikawa namnywesha kidogo kidogo mpaka kulipokucha. Asubuhi tulikwenda zahanati. Walitupa pakiti za dawa ya maji ya chumvi na sukari pamoja na vidonge vya zinki, wakatuagiza tuvimalize hata kama kuharisha kumekoma. Baada ya siku tatu alikuwa anacheza. Lakini mimi usiku ule nilikuwa nasikia sauti yangu mwenyewe ikisema, "Nyamaza, kula."

Kwa hasira niliwaeleza majirani wote. Nilisema kisimani, nikasema njiani kwenda mashineni. Siku ya tatu mume wangu akaniuliza, "Umewaambia watu wote. Mwenyewe umemwambia?" Sikuwa na jibu.

Kesho yake nilikwenda mapema, kabla wateja hawajafika. Nilimwamkia, "Mwangaluka," tukajuliana hali, nikaomba tukae jikoni. Nikamwambia taratibu yote yaliyotupata. Kwanza alinyamaza, akafuta mikono kwenye kanga. Kisha akauliza, "Mtoto yuko salama?" Nilipomwambia kuwa amepona, akaeleza. Jumamosi ile alikaanga samaki wengi akitegemea watu wa mnadani, nao hawakuja. Hana jokofu. Aliwafunika kwenye sufuria, na Jumapili akawapitisha kwenye mafuta ya moto. Tena akasema, "Dada yangu, kwa muda sasa wateja wanapungua. Nikadhani ni shida ya fedha. Kila mmoja ananiambia chakula kizuri, kisha harudi."

Maneno hayo yalinichoma. Tulidhani tunamheshimu, kumbe tulikuwa tunamfukarisha, na watoto wetu tunawaumiza.

Sisi tunaokaa karibu na Ziwa Victoria tunadhani samaki wetu hawezi kutudhuru. Wanaonunua sangara kwa ajili ya viwanda vya Mwanza huja mwaloni na barafu, maana wanajua joto humharibu samaki kwa muda mfupi. Mwaka 1999 nchi za Umoja wa Ulaya zilisimamisha kununua samaki wa ziwa hili kwa hofu ya sumu iliyotumiwa na baadhi ya wavuvi. Hasara ilikuwa kubwa, lakini ukaguzi mwaloni na viwandani uliimarishwa. Mlaji wa mbali alisema, akasikilizwa. Sisi tulio jirani na maji tunakamulia ndimu na kunyamaza.

Haya ndiyo niliyozungumza na mama yule, na yafaa jikoni mwetu pia. Samaki mbichi aliye mzima ana macho maangavu, mashavu mekundu kwa ndani, na nyama inayorudi ukiibonyeza. Chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2. Kisu na ubao wa samaki mbichi visiguse kilichopikwa kabla havijaoshwa vizuri. Ukipasha kiporo, kipashe mpaka kichemke hata katikati. Lakini kumbuka kuwa vijidudu vingine huacha sumu ambayo moto hauiondoi. Kilicholala nje usiku kucha kisiokolewe kwa mafuta ya moto.

Mama yule sasa hukaanga wachache wachache kadiri wateja wanavyoingia. Nimerudi kula kwake mara mbili. Sato ni mtamu kama sifa zake.

Habari ingeishia hapo kama nisingewasimulia watoto nyumbani. Binti yetu mkubwa alisikiliza, kisha akasema kwa upole, "Lakini mama, hata wali wetu hulala chunguni, asubuhi tunapewa na chai. Nikisema umechacha, unaniambia ninadeka." Nilitaka kumkemea. Nikakumbuka vidole vyangu chini ya meza ile, nikanyamaza mimi. Tangu siku hiyo ninapima mchele kwa idadi ya vinywa.

Mama mwenzangu, tunawafundisha watoto adabu, na ni vema. Mtoto asidharau chakula cha watu wala kuchagua nyama. Lakini akisema kinanuka, weka kijiko chini, unuse wewe kwanza. Na ukikosewa hotelini, usiondoke na tabasamu ukaenda kunung'unika kisimani. Mwite mwenye chakula pembeni, umwambie kama ambavyo ungependa wewe kuambiwa.

Tukutane mwezi ujao, nami nitaandika juu ya ada za shule kama nilivyokusudia.