Kipandauso na misuli kukaza: Ayurveda ya mafuta sawa, ya vidonge uliza kwanza

Mwenye kipandauso haelezwi maana ya kuhangaika. Kichwa kinagonga upande mmoja, mwanga unachoma macho, kelele hazivumiliki na tumbo linachafuka. Ongeza shingo na mabega yaliyokaza, na si ajabu mgonjwa akamsikiliza kila anayemwambia anayo dawa. Moja ya tiba anazoweza kushauriwa ni Ayurveda, tiba ya kale ya India.

Je, uifuate? Jibu letu ni kwamba tiba hii ina sehemu mbili. Ipo inayogusa ngozi na kupanga siku yako, na ipo inayomezwa. Usizipokee kwa namna moja.

Ayurveda hufundisha kuwa mwili unaongozwa na nguvu tatu, vata, pitta na kapha, na kwamba maradhi huja zikikosa uwiano. Sayansi ya leo haijathibitisha nguvu hizo. Lakini baadhi ya mashauri yake yana manufaa. Inasisitiza kulala na kuamka saa zile zile, kula kwa wakati na kutuliza akili. Hayo hayo utaambiwa na daktari wa kipandauso, kwa sababu kukosa usingizi, njaa na msongo wa mawazo ni vichochezi vinavyojulikana.

Vivyo hivyo kukandwa kwa mafuta ya ufuta yenye uvuguvugu, wanakokuita abhyanga. Joto na mkono laini hulegeza misuli iliyokaza na kupunguza maumivu kwa muda. Usikandwe mahali penye jeraha, wala mguu mmoja uliovimba ghafla na kuuma, kwani huenda kuna damu iliyoganda ndani. Na mzazi, usimtie mtoto mafuta puani kwa kuiga tiba iitwayo nasya. Yakiingia kwenye mapafu huweza kuleta nimonia.

Sasa tuje kwenye vidonge na unga. Lipo tawi la Ayurveda linalochanganya madini kwenye dawa kwa makusudi, ikiwemo zebaki na risasi, kwa imani kwamba yakichomwa na kusafishwa hupoteza sumu. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kupima dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani eneo la Boston. Dawa 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Mwaka 2008 walichapisha matokeo ya kupima nyingine 193 zilizonunuliwa kwenye intaneti, na karibu moja katika kila tano ilikuwa na madini hayo. Jijini New York, kati ya 2011 na 2012, wajawazito sita walikutwa na risasi kwenye damu baada ya kutumia dawa za aina hii.

Risasi haina kiwango salama kwa mtoto. Huharibu ubongo unaokua, na kwa mjamzito hupita hadi kwa aliye tumboni. Zaidi ya hapo, mtu aliyepata sumu ya risasi huumwa kichwa na misuli. Unaweza kumeza dawa ya maumivu ikakuongezea maumivu yale yale.

Hata mimea mitupu si ya kuchezea. Manjano yaliyokolezwa kwenye vidonge yanaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu kwa anayetumia warfarin. Ashwagandha imehusishwa na madhara ya ini, na mjamzito aiepuke. Manjano na tangawizi ya kwenye mchuzi hayana tatizo hilo.

Kwa hiyo, kabla ya kumeza, dai lebo yenye viambato vyote, namba ya usajili na jina la mtengenezaji. Kisichokuwa na hayo usikinunue. Mtoto usimpe kabisa bila daktari. Ukiwa umeshaanza, chukua chupa yenyewe uende nayo kliniki. Usifiche, na usiache dawa za hospitali kimyakimya.

Chukua pia daftari, uhesabu siku. Kichwa kikiuma siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, huenda kipandauso chako kimekuwa sugu, na zipo dawa za kukizuia. Hesabu na vidonge vya maumivu: kunywa parasetamoli siku 15 au zaidi kila mwezi kunaweza kuwa ndiko kunakoleta maumivu ya kichwa.

Nenda hospitali mara moja kichwa kikianza ghafla kwa ukali usio wa kawaida, au kikiambatana na homa na shingo ngumu, degedege, kuchanganyikiwa, au udhaifu wa upande mmoja. Vivyo hivyo kama mtoto anaamshwa usingizini na maumivu ya kichwa, au hutapika kila asubuhi. Hapo si wakati wa mafuta wala unga.