Watahiniwa, Msiogope Raba

Mtihani wa darasa la saba unapokaribia, watoto wetu kuanzia Somanga na Kivinje hadi Mchinga na Lindi mjini hupewa usia mmoja na walimu, wazazi na kaka zao: jibu lililokujia mwanzo ndilo la haki, usilibadilishe. Usia huo hutolewa kwa mapenzi, lakini unawapotosha, na yafaa tuuache.

Mwaka 2005 mtafiti Justin Kruger na wenzake walitangaza matokeo ya kukagua alama za kufuta katika karatasi za wanafunzi zaidi ya 1,500 wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Katika kila majibu 100 yaliyobadilishwa, 51 yalitoka kwenye kosa yakawa sahihi, na 25 tu yaliharibika. Yaliyobaki yalitoka kosa hadi kosa.

Mbona basi imani hiyo haifi? Majuto ni mjukuu. Aliyefuta jibu sahihi hujilaumu mwaka mzima. Aliyeokolewa na raba husahau kabla hajafika nyumbani.

Chukua mtoto wa Kilwa Masoko aliyeulizwa msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka gani. Kwa haraka anasiliba 1505. Maswali kumi mbele anakutana na Wareno, anakumbuka kuwa 1505 ndio mwaka walipoiteka Kilwa. Ibn Battuta alifika 1331. Je, mtoto huyu aheshimu jibu lake la kwanza? Hasha! Arudi, afute, asilibe upya.

Sisemi abadilishe kwa hofu, wala kwa kuona mwenziwe kasiliba herufi nyingine. Huko ni kubahatisha, na kumwibia mwenziwe ni aibu zaidi. Abadilishe akiwa na sababu: amelisoma swali upya akaona neno "isipokuwa" alilolivuka, au hesabu imekataa alipoirudia.

Na afute vizuri. Tangu 2012 Baraza la Mitihani la Tanzania husahihisha majibu ya kuchagua ya mtihani huu kwa mashine inayosoma fomu maalumu. Herufi mbili zikionekana zimesilibwa katika swali moja, alama imepotea hata kama mojawapo ni sahihi.

Walimu wa Kilwa na Lindi, katika majaribio ya shule wafundisheni watoto kubakiza dakika za kupitia kazi yao, na msimsifu anayekimbilia kukusanya karatasi. Nanyi wazazi, mnaponunua penseli ya HB, nunueni na raba laini isiyochafua karatasi.