Udaktari wa Mifugo Si Kimbilio la Walioshindwa

Kila msimu wa kuchagua kozi za chuo kikuu unapowadia, huzuka dhana moja potovu: kwamba mwanafunzi hodari husomea udaktari wa binadamu, naye aliyepungukiwa na alama huishia kuwa "daktari wa ng'ombe". Dhana hii imekita mizizi shuleni, na aghalabu hupaliliwa na walimu na wazazi.

Waama, taaluma hii si lelemama. Shahada yake katika Chuo Kikuu cha Nairobi, bewa la Kabete, huchukua miaka 5, na mhitimu hana budi kusajiliwa na bodi ya taaluma yake kabla ya kutoa huduma. Ni kweli pia kwamba ajira si ya hakika tangu serikali ilipoacha, mwishoni mwa miaka ya 1980, kuwaajiri wahitimu wote moja kwa moja. Mwanafunzi aelezwe hayo bila kufichwa. Hata hivyo, uchache wa nafasi za kazi si ithibati kwamba kazi yenyewe haina maana.

Tuchukue mfano wa Homa ya Bonde la Ufa. Ugonjwa huu ulitambuliwa mara ya kwanza na wataalamu wa maabara ya Kabete mnamo 1931, baada ya kondoo kufa karibu na Ziwa Naivasha. Huenezwa na mbu, na binadamu huupata pia akigusa damu au nyama ya mnyama mgonjwa. Ulipozuka Garissa na kwingineko baada ya mvua kubwa za mwisho wa 2006, uliwaua zaidi ya Wakenya 100. Anayemtibu mbuzi, basi, humkinga mwenye mbuzi.

Mkasa huo una funzo jingine, nalo lanihusu mimi kama mwanaisimu. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba wafugaji Wasomali walikuwa wameziona dalili mapema: mvua isiyo ya kawaida, mbu wengi, kisha mifugo kuharibu mimba. Tena walikuwa na jina la ugonjwa wenyewe, sandik, yaani kutokwa na damu puani. Maarifa yalikuwapo, yaliyokosekana ni masikio ya kuyapokea kwa wakati.

Daktari wetu husomeshwa kwa Kiingereza, kisha hupelekwa kwa mfugaji asiyekijua. Mgonjwa wake hasemi. Historia yote ya ugonjwa imo kinywani mwa mchungaji. Kiswahili kina istilahi za kutosha kuanzia: kimeta, sotoka, ndigana, chambavu, kichaa cha mbwa. Lugha nyingine za wafugaji zina hazina kubwa zaidi. Kwa nini basi mtaala usimtake mwanafunzi ajifunze walau istilahi za magonjwa katika Kiswahili na katika lugha moja ya wafugaji? Na serikali za kaunti, ambazo Katiba ya 2010 ilizikabidhi udhibiti wa magonjwa ya mifugo, zingefaidika kwa kuwaajiri vijana wenye ujuzi huo.

Walimu wenzangu, mwanafunzi aliyelelewa malishoni, anayeipenda Baiolojia na kuijua lugha ya wazee wake, asiambiwe kwamba Kabete ni chaguo la pili. Huyo ndiye tunayemhitaji huko.