Kadi ya Njano na Maneno ya Dirishani

Basi lilikuwa halijazima hata injini pale Namanga, mpaka wa Kenya na Tanzania, upande wa Kenya, kijana akagonga kioo. "Mama, kadi ya njano ipo? Dakika mbili tu nakuletea." Mama niliyekaa naye kiti kimoja alikuwa anakwenda Arusha kumwona mdogo wake aliyejifungua. Akaanza kufungua pochi. Konda akamhimiza: "Mpe tu, mama, tusicheleweshe gari." Sikuwa na ujasiri wa kumcheka, maana miaka kadhaa nyuma nami nilitoa pesa kwenye dirisha la basi, kwa kuamini niliyoambiwa.

Nikamuuliza kama hajawahi kuchanjwa homa ya manjano. Amewahi, akasema, mwaka 2012. Kadi iko nyumbani kabatini, lakini "imeshaisha".

Hapo ndipo uongo wa kwanza ulipo, na ndio unaolisha vishoka wengi kuliko mwingine wowote: kwamba kadi hufa baada ya miaka kumi. Ilikuwa kweli zamani. Tangu tarehe 11 Julai 2016 Kanuni za Afya za Kimataifa zinaihesabu sindano hiyo kuwa ya maisha, na mabadiliko hayo yanagusa hata kadi za zamani zilizoandikwa tarehe ya mwisho. Kadi ya mama yule, hata kama imeandikwa 2022 kwa wino mweusi, ni halali mpaka atakapoingia kaburini. Ofisa akiikataa kwa sababu ya ile tarehe, yeye ndiye aliyekosea.

Kijana wa dirishani ana jibu lake: "Basi hata kama huna, hapa unapata papo hapo." Karatasi, ndiyo, unapata. Kinga hupati. Kanuni zile zile zinasema cheti huanza kufanya kazi siku ya kumi baada ya sindano, kwa hiyo kadi iliyojazwa leo kwa tarehe ya leo haikufikishi popote leo. Ili ikufikishe lazima mtu adanganye tarehe, na hapo umebeba hati ya kughushi mkononi kuelekea kwa ofisa wa serikali. Zitazame kadi hizo vizuri siku moja. Nyingi hazina namba ya toleo la chanjo, au muhuri wa kituo umegongwa mahali pa sahihi. Sahihi inatakiwa iwe ya mkono wa mtaalamu, muhuri hauwezi kushika nafasi yake. Cheti kinajazwa kwa Kiingereza au Kifaransa, na palipofutwa au kurekebishwa panaweza kukibatilisha chote. Niliyonunua mimi ilikuwa imefutwa kwa wembe. Ilipita, kwa sababu aliyeikagua alikuwa na haraka kama mimi.

Na asiye na kadi kabisa anafanywa nini? Wengi wanadhani anarudishwa. Kanuni zinaruhusu awekwe karantini, kwa siku zisizozidi sita tangu siku ya mwisho aliyoweza kuambukizwa, au mpaka cheti chake kianze kufanya kazi, lolote litakalotangulia. Wakati mwingine mambo huishia kwa kuchanjwa na maofisa wa afya mpakani, ndani ya jengo, kisha unaendelea na safari. Mwenye sababu ya kitabibu ya kutochanjwa anabeba barua ya daktari. Kumbuka pia kwamba Tanzania inadai kadi hii kwa anayetoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na Kenya imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani. Si kwamba Watanzania wanawachukia Wakenya, kama nilivyosikia mmoja akilalama kwenye foleni.

Sasa hili la "Jumuiya ni moja, kitambulisho kinatosha". Kinatosha kati ya Kenya, Uganda na Rwanda, ambazo zilikubaliana hivyo kuanzia 2014. Tanzania haikuingia. Namanga unahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoanza kutumika Julai 2010 inaruhusu watu kutembea huru, lakini kifungu chenye ruhusa hiyo kinaiachia nchi nafasi ya kuzuia kwa sababu za usalama au afya ya umma. Anayekunukulia nusu ya kwanza peke yake anakupeleka kwenye benchi la kusubiri.

"Karantini ni siku 14." Hiyo tuliikariri mwaka 2020 wakati wa korona na bado haijatutoka. Siku zinategemea ugonjwa: kwa Ebola na Marburg watu hufuatiliwa siku 21, kwa homa ya manjano sita. Neno lenyewe limetoka kwenye siku arobaini walizowekewa wenye meli huko Venice. Na gharama? Kanuni za kimataifa zinakataza kumtoza msafiri ada ya karantini yenyewe, isipokuwa anayekuja kuomba makazi ya muda au ya kudumu. Zinataka pia apewe chakula, maji na njia ya kuwasiliana na watu wake. Hata hivyo, mwaka 2020 Wakenya waliorudi nyumbani walilipishwa gharama za karantini, mpaka serikali ikalegea Mei kwa waliokuwa kwenye vituo vya umma.

La mwisho ndilo linalopendwa na wanasiasa: mlipuko ukitokea, fungeni mpaka. Lina ukweli kidogo, maana kupunguza watu hupunguza mikusanyiko. Lakini tazama Kasese, magharibi mwa Uganda, Juni 2019. Familia iliyokuwa ikirudi Uganda kutoka Kongo, ilikofiwa na babu kwa Ebola, ilizuiwa na kutengwa upande wa Kongo. Baadhi yao wakatoroka, wakapita njia ya panya, na mtoto wa miaka mitano akafa katika hospitali ya Bwera, upande wa Uganda. Kituo rasmi ndicho kilichowabaini. Palipokosa kituo ndipo ugonjwa ulipopita. Rwanda nayo ilipofunga mpaka wake na Goma, Kongo, tarehe 1 Agosti 2019, iliufungua siku ile ile. Nasi tulionja ladha yake Mei 2020, Kenya ilipofunga mpaka na Tanzania kwa abiria na kuruhusu mizigo tu. Madereva wa malori wakalala foleni wakisubiri majibu ya vipimo vya korona, na wapo waliopimwa wakaonekana wagonjwa upande huu na wazima upande ule. Dereva mmoja aliniambia alikula ugali wa mabaki siku mbili chini ya trela lake. Wakati huo vichochoro vya nyuma ya maduka vilibaki wazi.

Mama yule hakutoa pesa. Alishuka na kwenda kwa maofisa wa afya kuuliza, akaelekezwa vizuri, tukamsubiri robo saa na konda akinung'unika. Wewe unayesafiri wiki ijayo, kabla ya kukata tiketi fungua kabati, tafuta kadi yako, angalia kama sahihi ya kalamu ipo. Kama huna, chanjwa siku kumi kabla, kwenye kituo kilichoruhusiwa, na dai stakabadhi.